Uzi wa wenye sarafu za mkoloni: ipi ina hela, ipi haina, na mnada unaendaje mpaka mzigo unakufikia

mkusanya_rupia (mleta uzi):

Wakuu habari za jioni. Haipiti wiki humu bila mtu kuweka picha ya sarafu imeandikwa 1904 au 1936 halafu anauliza "hii napata milioni ngapi", na chini yake wanakuja wale wale, mmoja anasema njoo inbox, mwingine anauliza kama inavuta mchele, eti sarafu yenye nguvu za ajabu punje zinairukia. Nimeamua niandike kila kitu sehemu moja maana mimi ndio kazi yangu ya jioni hii, nakusanya sarafu za Afrika Mashariki, zaidi za Mjerumani, nanunua mnadani na ninazozidi naziuza huko huko.

Nianze na ya mchele tumalizane nayo. Hakuna rupia inayovuta mchele. Hakuna ya 1818, hakuna ya 1892, hakuna ya Mjerumani wala ya Mhindi. Huu utapeli uko India miaka mingi na huku umepokelewa kwa mikono miwili, yupo mwenye sarafu, yupo mwenye "mashine ya kupimia", yupo mzungu ambaye amefikia hoteli fulani na humuoni, na wewe unayeitwa bahati yako ndio unaombwa uchangie hela ya vipimo. Zile punje unazoona zinarukia sarafu zinakuwa zimepakwa unga wa chuma na ndani ya sarafu kuna sumaku. Basi. Mtu yeyote anayenunua sarafu kihalali hataki kujua ikikaribia mchele inafanyaje, anataka picha mbili kali, mbele na nyuma, pamoja na uzito wake.

Sasa tuje kwenye kinachowachanganya wengi, umri. Umri sio bei. Sarafu yenye miaka mia mbili inaweza kukosa hela ya nauli na ya juzi juzi ikanunua bodaboda, kinachoangaliwa ni zilitengenezwa ngapi, zimebaki ngapi, hali yake ikoje, na wapo wangapi duniani wanaoitaka.

Mfano ile ya senti kumi yenye tundu, 1936, jina EDWARDVS VIII. Hii ndio inatangazwa kwa mamilioni kila siku kwa sababu watu wamesikia kwamba huyo mfalme aliachia kiti mwaka huo huo wa 1936 na kwamba Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mtaani. Hiyo ni kweli. Lakini zetu za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mfalme, kwa hiyo walibadilisha jina wakazigonga kwa mamilioni na zikatumika mpaka vijijini huko. Kwenye minada zinatupwa ndani ya fungu na zingine, na ukiinunua moja moja ni dola chache. Kama yako inang'aa haijawahi kutumika hapo sawa, inapanda, ila usiuze shamba.

Reale ya Maria Theresa nayo hivyo hivyo. Imeandikwa 1780 na wazee wa pwani waliitumia sana, sasa mtu anaona 1780 anachanganyikiwa. Yule malkia alifariki mwaka huo wa 1780, baada ya hapo ikaendelea kugongwa kwa tarehe ile ile, Vienna, baadaye mpaka London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu hawakutaka nyingine. Kwa hiyo nyingi mno ni za juzi tu. Thamani yake kubwa ni fedha iliyomo, gramu 28 na kidogo, fedha ya asilimia 83 hivi.

Heller moja ya Mjerumani (heller mia zilifanya rupia moja), ile ya shaba yenye taji upande mmoja na shada upande wa pili, 1904 mpaka 1913, hiyo iko kila mahali. Ninazo kwenye kopo. Ile heller 5 kubwa ya shaba ya 1908 na 1909, nzito gramu 20, hiyo tunaongea vizuri, ilitoka miaka hiyo miwili tu kwa sababu watu waliichoka kwa uzito wakaletewa ndogo yenye tundu, na ukiipata kingo hazijagongwa inapiganiwa. Rupia 2 za 1893 na 1894, zile kubwa za fedha zenye Kaizari amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, hizo ukiwa nayo halisi usimwonyeshe dalali yeyote, njoo kwanza tuongee.

Halafu kuna Tabora.

Hii nitaielezea kidogo maana ni ya kwetu na naipenda. Vita ya kwanza, Waingereza wamefunga bahari, meli za Ujerumani haziingii, koloni limeishiwa sarafu. Wakachapisha noti za dharura hapa hapa nchini, raia na askari hawazitaki, karatasi gani hii. Dhahabu ipo, inatoka Sekenke, huko Singida ya leo. Kwa hiyo mwaka 1916 kwenye karakana ya reli Tabora wakaanza kugonga pesa wenyewe: heller 5 na heller 20 kwa shaba nyeupe ya maganda ya risasi na vyuma walivyookota, na rupia 15 za dhahabu. Mwezi wa tisa tarehe 19 Wabelgiji wakaingia Tabora, ikawa mwisho wake.

Hiyo rupia 15 upande mmoja ina tai, upande wa pili tembo kainua mkonga kama anapiga kelele, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Inatakiwa iwe na gramu 7.168, dhahabu ya 750. Zilitoka 16,198 tu, na zipo za aina mbili, ukiangalia upande wa tai ule urembo wa kulia kwenye moja unaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA na kwenye nyingine unaishia chini ya A inayofuata. Za T ni 9,803 na za A ni 6,395. Kagonga fundi wa karakana kwenye mashine ambayo haikuwa ya kazi hiyo, halafu kagonga vizuri hivyo, mpaka leo Mjerumani akiiona mkono unamtetemeka. Mnadani inakwenda maelfu ya dola, na safi kabisa inapita hapo mbali. Ndio maana feki zake ni nyingi.

Zile heller 20 za Tabora tofauti kabisa, ziligongwa kwa wingi sana na ukizikuta zina madoa na zimekaa upande ndivyo zilivyozaliwa. Nusu ya wakusanyaji ninaowajua tulianzia hapo, bei haiumi na historia unayo mkononi.

Sasa hali ya sarafu. Wataalamu wanatumia alama 1 mpaka 70, 60 kwenda juu maana yake haijatumika. Kampuni mbili za Marekani zinazoaminika kwa kazi hiyo ni NGC na PCGS, wanaifungia kwenye plastiki ngumu na namba yake. Rupia ile ile, ikiwa imelika usoni mpaka masharubu ya Kaizari hayaonekani unalipwa fedha iliyomo, ikiwa na alama 63 unaweza kulipwa mara kumi ya hapo au zaidi.

Na hapa ndio nataka kulia na nyinyi. TUSISAFISHE SARAFU. Ndimu hapana, majivu hapana, dawa ya mswaki hapana, Brasso ndio usiguse kabisa. Mtu amekaa na rupia ya bibi yake imepata ule weusi wa taratibu wenye bluu bluu pembeni, uzuri wenyewe huo, siku ya kuipiga picha anaichubua na steel wool ing'ae. Ukiiweka chini ya taa ukaizungusha, sarafu ambayo haijaguswa mwanga unazunguka nayo duara zima, iliyosuguliwa unaona mikwaruzo myembamba kama nywele inaelekea upande mmoja na mwanga umekufa. Mnunuzi wa Ulaya anaona hilo kwa sekunde mbili, na NGC watakuandikia "cleaned" hawakupi hata alama. Nusu ya bei imekwenda na ndimu ya shilingi mia. Kama ina udongo loweka kwenye maji ya distilled, acha, kausha bila kusugua, inatosha. Na usihifadhi kwenye vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka, vinatoa ute wa kijani unaokula shaba.

Mnada sasa. Minada ya sarafu zetu haiko Dar wala Nairobi, iko Ujerumani (Künker wa Osnabrück ndio baba lao kwa makoloni), London kuna Noonans na Spink, Marekani kuna Heritage na Stack's Bowers, na kule California kuna Stephen Album ambaye ukitaka za Zanzibar, Mombasa na Waarabu kwa ujumla unaanzia kwake. Wote wanaendesha mtandaoni, unajisajili na kitambulisho, ukiwa mgeni watakuomba mtu wa kukudhamini au amana. Ukitaka kuona minada mingi kwa pamoja kuna NumisBids na Sixbid.

Kila sarafu inaitwa loti, ina namba, picha na makadirio. Ujerumani kawaida wanaanzia asilimia 80 ya makadirio. Unaweza kuacha dau lako la juu kabla, na hapa watu wengi hawaelewi: ukiacha euro 400 na anayekufuata ameacha 250 huchukui kwa 400, mfumo unakupandisha hatua moja tu juu ya huyo. Kwa hiyo andika namba unayoweza kuilipa kweli kisha ondoka kalale. Ukikaa laivu utapanda. Dalali anapiga loti zaidi ya mia kwa saa, yako inapita kwa sekunde ishirini, unaona mtu amekuzidi euro kumi tu, unasema ngoja moja tu, na nyingine, unakuja kushtuka nyundo imeshagonga na ada ya mtoto iko Osnabrück.

Na bei ya nyundo, ile dalali anayogongea, sio unayolipa. Kuna kamisheni ya mnunuzi, 20, 25 kwa mia kutegemea kampuni, wengine wanakata na zaidi ukipitia tovuti ya pembeni. Nyundo 300, weka 75 inakuwa 375, usafiri wenye bima tuseme 40, hapo ni 415 na benki yako haijakata chake wala forodha hawajaifungua. Mimi naanza kwa nyuma, najiuliza nataka iniishie shilingi ngapi ikiwa mkononi, natoa hayo yote, kinachobaki ndio dau. Sijali jirani anaweka ngapi.

Kabla ya kuweka dau lolote ingia acsearch, tovuti yenye kumbukumbu za bei za minada, angalia ile ile, hali ile ile, iliuzwa ngapi miaka ya karibuni. Bei ya tangazo mtu anaweza kuandika anayoota, ya mnada imelipwa. Karibuni kwa maswali.

chuma_cha_Urambo:

Mkuu umeandika vizuri ila mimi kuna mjomba wa rafiki yangu aliuza rupia moja ya 1890 milioni arobaini, hiyo unasemaje?

mkusanya_rupia:

@chuma_cha_Urambo huyo mjomba wa rafiki anaishi kila mkoa mkuu. Rupia ya 1890 ipo mnadani karibu kila mwezi, bei zake zinaonekana wazi. Ili ifike huko ingebidi iwe ile iliyogongwa kwa heshima kabisa, uso kama kioo, na mjomba angekuwa na karatasi ya malipo. Mwambie alete risiti tumpongeze.

mtoto_wa_Mvita:

Niko Mombasa boss. Nimebaki na pice (kisarafu cha shaba) ya 1888 ya zile za Kampuni, iko na mizani upande mmoja na taji ya jua upande ingine. Kuna mzee wa Biashara Street ananiambia nisiuze chini ya laki mbili za Kenya. Niamini?

mkusanya_rupia:

@mtoto_wa_Mvita mzee anakupenda lakini hapana. Hiyo ya Imperial British East Africa Company ni nzuri na ina historia ila pice za 1888 zipo nyingi, ikiwa nyekundu nyekundu bado haijatumika ndio wanaikimbilia. Angalia kama kwa huyo mzee hakuna RUPIA ya fedha ya 1888 MOMBASA yenye H (alama ya kiwanda cha Heaton, Birmingham), hiyo ndio ngumu, na zile ndogo za fedha za 1890. Na ukipata florini ya 1920 usiipuuze. Mwaka huo walihama kwenye rupia wakaja na florini, haikukaa sana ikaja shilingi ya simba, florini nyingi zikarudishwa zikayeyushwa. Zilizobaki zinatafutwa na tochi.

fundi_saa:

Feki unazijuaje ukiwa na vifaa vya mtaani? Sina mambo ya darubini.

mkusanya_rupia:

@fundi_saa wewe tena, lenzi yako ya saa inatosha kabisa. Mzani wa sonara wa kupima sehemu ya gramu, sumaku, na lenzi. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, ikilika sana inashuka kidogo, ila ukikuta 9 au 10 rudisha. Fedha na shaba hazishikwi na sumaku, ikishika ni chuma kilichopakwa. Halafu angalia ukingoni, feki ya kumimina inakuwa na mstari unazunguka katikati pale vipande viwili vilipokutana, na usoni vitundu vidogo vidogo kama mate ya mvua kwenye vumbi, maana sarafu halisi imegongwa haijamiminwa. Kwa zile zinazouzwa Forodhani na kwa machinga wa watalii sumaku peke yake inamaliza nusu ya kazi.

bint_Darajani:

Mie niko Muscat, asili Unguja. Nnayo ya Sayyid Barghash ile ya shaba yenye mizani, 1299, na marehemu babu alikuwa na moja ya fedha kubwa mwaka huo huo wa Hijria, sijui sasa iko kwa nani katika ndugu. Ya shaba ina thamani kweli au niwaachie watoto wachezee?

mkusanya_rupia:

@bint_Darajani dada yangu watoto wasichezee. Ya shaba haina bei kubwa, zilikuwa nyingi, weka kwenye kifuko kizuri kama kumbukumbu ya nyumbani. LAKINI hiyo ya fedha anza kupiga simu kwa ndugu leo usiku. Kama ni riyali ya Barghash ya 1299, yaani 1882, hizo ni adimu, na za dhahabu za mwaka huo ndio zikitokea mnadani dunia nzima inasimama. Hapo Muscat penyewe kuna wakusanyaji wenye uwezo wanaozitafuta. Msiisugue, na msimpe mtu "akaipime" bila mmoja wenu kuwepo.

bint_Darajani:

Ahsante sana. Alhamdulillah kidogo nishamkumbuka nani kaichukua 😂 nitaleta mrejesho inshallah.

wa_Kilwa_Masoko:

Sisi huku tukivua kamba wakati wa maji kutoka tunaokota visarafu vidogo vyeusi vya shaba, vyembamba, maandishi ya Kiarabu pande zote. Kuna jamaa ananunua elfu mbili mbili. Hivi navyo vinaingia mnadani?

mkusanya_rupia:

@wa_Kilwa_Masoko hapa nisikilize kwa makini mkuu maana hii si habari ya bei tena. Hizo kuna uwezekano mkubwa ni za masultani wa Kilwa wenyewe, kabla Mreno hajafika. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinaimba kwa vina. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota za kwenu tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Na pale Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984 zilifukuliwa za fedha ndogo ndogo zaidi ya elfu mbili.

Ila Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inasema kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa, huwezi kukiuza wala kukitoa nje bila kibali. Kwa hiyo huyo jamaa wa elfu mbili mbili anakuingiza matatani wewe, yeye ana gari. Na kampuni za mnada zenye jina zinauliza kitu kimetoka wapi. Peleka ofisi ya mambo ya kale hapo hapo Kilwa, waambie mlipookota, maana mahali ilipolala ndipo penye maana kwa wanaochimba historia, ikishahama hapo inabaki kipande cha shaba.

wa_Kilwa_Masoko:

Nimekuelewa. Huyo jamaa kesho atakuja tena, tutamwambia bei imepanda 😀

mzuka_wa_Singida:

Kwa hiyo dhahabu ya hizo rupia 15 imetoka kwetu na hata moja hatuna!! Swali langu fupi, mtu akitaka kuanza na laki mbili ya Tanzania anunue nini?

mkusanya_rupia:

@mzuka_wa_Singida laki mbili usikimbilie Ulaya, usafiri utaimeza. Tafuta hapa hapa heller 20 ya Tabora yenye T inayosomeka, heller 10 yenye tundu, nusu heller kama utaiona (hiyo ni ngumu kuliko heller moja na wauzaji wengi hawajui), na robo rupia moja yenye sura safi. Na usizidharau zetu za 1966, za Nyerere zenye mbuni na sungura, mpya kabisa ambazo hazijaguswa si rahisi kuzipata kama unavyofikiri, kila mtu alizitumia.

Ukiipata hiyo heller 20 iweke hapa picha pande zote mbili, dirishani mchana bila flash. Herufi L mbili za neno HELLER zina mikia tofauti tofauti kutegemea mhuri uliotumika, nitakwambia ni aina ipi, kuna moja kati ya hizo nimekuwa naitafuta na nitakupa bei nzuri kabla hujaipeleka popote.